Muulize Shangazi: Alama 13 za binti yangu na alama 13 za kijana wa jirani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Walukuba hapa Jinja na nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Marehemu mume wangu alikuwa mwanajeshi. Watoto wamekulia kambini, na Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani, ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine.

Binti yangu wa kwanza, Rehema, ana miaka 19. Amemaliza S.6, yaani kidato cha sita, na matokeo yalipotoka tulifurahi mpaka majirani wakaja kutupongeza. Amepata Biolojia B, Kemia C, Fizikia E, na amepasi masomo madogo ya GP, yaani maarifa ya jumla, na ICT, yaani kompyuta. Mwalimu wake alisema hizo ni alama 13 kati ya 20. Kwenye mtihani wa S.4, yaani kidato cha nne, alikuwa na distinkisheni nne, krediti nne na pasi moja. Tangu akiwa mdogo anasema atakuwa daktari. Baba yake alimnunulia koti jeupe la kuchezea alipokuwa na miaka sita, na bado analo.

Tuliomba nafasi katika chuo kikuu cha serikali ambacho kina kampasi katika miji kadhaa. Mimi sijui kompyuta, Rehema naye simu yake ni ya tochi, kwa hiyo tulikwenda kwenye kafe ya intaneti. Kulikuwa na foleni. Yule kijana wa kafe alimuuliza Rehema, "Unataka nini?" Akasema udaktari. Akaandika udaktari wa kwanza, famasia ya pili, kisha akasema nafasi nyingine zisikae wazi, akajaza uhandisi wa kompyuta na uhandisi wa maji. Tukalipa, tukaondoka.

Orodha ya wanaojilipia imetoka na jina la Rehema halimo popote. Lakini kijana wa jirani yetu, ambaye alisoma shule moja na Rehema na ana alama 13 hizo hizo, amechukuliwa kusomea ualimu wa sayansi katika kampasi nyingine ya chuo hicho hicho. Shangazi, 13 na 13 si sawa? Kwa nini mmoja aingie na mwingine abaki nje?

Sasa kuna mtu hapa mtaani anayesema anawajua watu wa usajili. Ameniambia kampasi zote ni chuo kimoja. Anasema atamwingiza Rehema kwenye kampasi ndogo ambako hakuna msongamano, asome muhula mmoja, kisha "wamhamishe" kwenye udaktari kimya kimya. Anataka shilingi 1,800,000, nusu kabla ya Ijumaa. Mimi nina 1,100,000 nilizoweka kwa ajili ya muhula wa kwanza. Kaka yangu naye anasema nisimpe mtu huyo kitu, bali Rehema arudie Fizikia peke yake mwaka huu, aipandishe hiyo E, kisha aunganishe na matokeo ya sasa.

Rehema haniambii kitu. Anaosha vyombo, anafagia, anakaa mlangoni. Juzi nilimkuta amelikunja lile koti na kulitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Nimwambie nini? Na hizi fedha nizipeleke wapi?

Mama Rehema, Walukuba

—

Mama Rehema, marahaba.

Nianze na Ijumaa, maana ndiyo iliyo karibu. Usimpe mtu huyo hata shilingi. Kama umeshampa kitu kidogo cha "nauli", kihesabu kimepotea na usiongeze kingine juu yake. Nitakueleza kwa nini hawezi kufanya anachokiahidi hata kama angetaka, lakini kwanza nijibu swali lako la 13 na 13. Ukishaliona hilo, maneno yake yote utayaona yalivyo.

Ile 13 ni hesabu ya shule. Mwalimu anachukua B akaiita 5, C akaiita 4, E akaiita 2, akaongeza 1 ya GP na 1 ya ICT, basi 13. Hesabu hiyo inafaa kumwambia mzazi mtoto amefanyaje. Chuo kikuu cha serikali hakiangalii 13. Kinachukua alama zile zile na kuzihesabu upya kwa kila kozi, na kila kozi ina mizani yake. Kuna masomo mawili ya lazima kwa kozi hiyo, ambayo alama zake huzidishwa mara 3. Kuna somo moja la karibu nayo, linazidishwa mara 2. GP na lile somo dogo la ICT au hesabu huzidishwa mara 1. Halafu matokeo ya S.4 yanaongezwa: kila distinkisheni 0.3, kila krediti 0.2, kila pasi 0.1. Msichana anaongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990.

Chukua karatasi, mwite Rehema, fanyeni pamoja. Kwa udaktari, masomo ya lazima ni Biolojia na Kemia. Biolojia 5 mara 3 ni 15. Kemia 4 mara 3 ni 12. Fizikia 2 mara 2 ni 4. Hapo ni 31. GP na ICT ni 2, zimekuwa 33. Distinkisheni nne za S.4 ni 1.2, krediti nne ni 0.8, pasi moja ni 0.1, jumla 2.1. Ongeza 1.5 ya msichana. Rehema ana 36.6.

Hiyo ndiyo namba yake kwenye udaktari. Mwanafunzi mwenye A tatu anapata 48 kwa masomo hayo matatu peke yake, 50 akitiwa GP na lile somo dogo, kabla S.4 haijahesabiwa. Na udaktari huombwa na wenye A tatu kutoka nchi nzima. Chuo kinapanga majina kutoka juu kwenda chini, nafasi zikijaa mstari unapigwa, na alama ya yule wa mwisho ndiyo inayoitwa kikomo. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua Rehema asipite. Mstari ulipigwa juu yake, tena mbali. Famasia nayo hali ni hiyo hiyo, waombaji ni wale wale.

Sasa tazama nafasi mbili zilizobaki kwenye fomu, na hapa ndipo moyo wangu uliponiuma niliposoma barua yako. Uhandisi unataka Hesabu na Fizikia kama masomo ya lazima. Rehema hakusoma Hesabu katika S.5 na S.6. Kwa hiyo hata angekuwa na A kwenye Biolojia na Kemia, jina lake lisingefika popote kwenye uhandisi. Yule kijana wa kafe alimjazia milango minne: miwili iko juu mno, na miwili haina ufunguo. Simlaumu sana yeye, kazi yake ni kuchapa na foleni ilikuwa ndefu. Ila fomu ya chuo haijazwi kwa kuziba nafasi zilizo wazi. Kila mstari pale ni ombi kamili.

Kijana wa jirani aliomba ualimu wa sayansi. Sijui masomo yake, lakini tuseme alikuwa na Kemia B, Biolojia C na somo la tatu E. Hesabu yake kwa kozi ya ualimu wa Kemia na Biolojia ni 15 na 12 na 4, yaani 31. Ni 31 ile ile ya Rehema. Kama S.4 zao zinalingana, basi Rehema, kwa ile 1.5, angesimama mbele yake kwenye orodha ile. Unaona sasa? Rehema hakushindwa na kijana wa jirani. Hawakukutana kabisa.

Na alama hizo hizo zikipelekwa kwenye kozi inayotaka Fizikia na Kemia kwanza, zinashuka. Fizikia 2 mara 3 ni 6, Kemia 12, Biolojia inakuwa ya tatu, 5 mara 2 ni 10. Jumla 28 badala ya 31. Alama tatu zimeyeyuka na mtoto ni yule yule, silipu ya matokeo ni ile ile. Ndiyo maana nasema kwa kila mzazi anayeniandikia: usiniambie mtoto ana ngapi, niambie kozi gani.

Sasa turudi kwa bwana wa milioni moja na laki nane. Amekuambia kampasi zote ni chuo kimoja. Kwa jina, ndiyo. Tazama Busitema, ambayo wengi wetu wa mashariki tunaifahamu. Ilianzishwa mwaka 2007 na makao yake makuu ni pale barabara ya kwenda Tororo, kwenye uhandisi. Lakini udaktari na uuguzi uko Mbale, ualimu wa sayansi uko Nagongera, kilimo na mifugo viko Arapai karibu na Soroti, maliasili ziko Namasagali kule Kamuli. Kampasi zimegawana kozi. Mtu hasemi "nimeingia Arapai, nitatafuta udaktari humo humo", kwa sababu Arapai hakuna wodi. Na hata pale chuo kinapofundisha kozi moja katika miji miwili, kila mji una orodha yake ya waombaji na mstari wake unapigwa peke yake. Kampasi ya mbali na Kampala huenda ikawa na kikomo cha chini kwa kozi hiyo, na hilo ni jambo la kulitumia kihalali unapoomba, si la kuuziwa kwa siri.

Kuhama kupo. Sitaki uniambie baadaye kwamba nilikuficha. Wiki za kwanza za mwaka, mwanafunzi aliyekwisha sajiliwa anaweza kuomba kubadilisha kozi. Anajaza fomu, analipa ada ndogo, na ofisi ya msajili inatazama mambo mawili: je, alama zake zinafika kikomo cha kozi anayoitaka, na je, kuna nafasi. Rehema ana 36.6 kabla ya kuhama na atakuwa na 36.6 baada ya kuhama. Mlango wa kuhama una mizani ile ile ya mlango wa kuingia. Huyo bwana anakuuzia njia inayorudi pale pale ulipoanzia.

Na kama atasema atazibadilisha alama zenyewe, kimbia. Siku ya kusajiliwa chuo kinataka silipu na vyeti halisi vya S.4 na S.6, na matokeo yote yako UNEB, baraza la mitihani la taifa, yanalinganishwa. Mwanafunzi akigundulika hata mwaka wa tatu anafukuzwa, na ada zote ulizolipa kwa kuuza mukene hazirudi. Nilikaa na mama mmoja kwenye benchi la hospitali, miaka iliyopita, akanisimulia hilo lilivyompata mwanawe. Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu mihula kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Njia ya kumtambua mtu wa kweli ni fedha zinapita wapi. Chuo cha serikali hakipokei ada mkononi wala kwenye simu ya mtu. Unapata namba ya malipo, ile PRN, yenye jina la mtoto, unakwenda nayo benki au unailipa kwa simu, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya umma. Ada ya kuomba nafasi kwa Mganda haifiki hata laki moja. Mtu akitaja zaidi ya hapo, na akataka noti, amekwisha jitambulisha.

Kaka yako anakutakia mema, na nafurahi kuwa kuna mtu nyumbani aliyekuambia usitoe. Lakini shauri la kurudia Fizikia peke yake halitafanya kazi. Vyuo vinataka zile pasi kuu, tunazoziita prinsipo, angalau mbili, zitoke kwenye mtihani wa mkao mmoja. Hukai mwaka huu kwa Fizikia, ukachukua Biolojia ya mwaka jana, ukazishona pamoja. Rehema akirudia, arudie masomo yote matatu pamoja na GP na ICT, na akubali kwamba kitakachotazamwa ni matokeo hayo mapya, hata kama Biolojia itashuka.

Je, arudie? Hapa nitasema ninavyoona, nawe uamue. Ili afike karibu na udaktari anahitaji kutoka B, C na E hadi kitu kama A, A na B. Watoto wanaoweza kuruka hivyo kwa mwaka mmoja wapo, lakini ni wachache, na mara nyingi kuna sababu inayoonekana: alikuwa mgonjwa wakati wa mtihani, alikosa shule muhula mzima kwa ada, shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Muulize Rehema swali hilo, na umwache ajibu bila kumkatiza. Kisha nenda kwa mwalimu wake wa Kemia, si kwa mkuu wa shule, umuulize: "Huyu mtoto C yake ilikuwa bahati mbaya, au ndiyo nguvu yake?" Mwalimu aliyemfundisha miaka miwili anajua. Akisema ilikuwa bahati mbaya, kurudia kuna maana. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umepata jibu.

Mimi, kwa E ile ya Fizikia, nisingemrudisha darasani mwaka mzima kwa ajili ya udaktari peke yake. Ningefanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza ni chuo kikuu chenyewe. Orodha ya kwanza si ya mwisho. Vyuo vingi vya serikali hutangaza tena nafasi zilizobaki kwenye kozi ambazo hazikujaa, wakati mwingine kwa wiki mbili tu, na tangazo huwa magazetini na kwenye tovuti ya chuo. Safari hii Rehema aombe kozi ambazo Biolojia na Kemia ndizo masomo ya lazima, kwa maana hizo ndizo zinazompa 36.6 yake kamili. Ualimu wa Biolojia na Kemia umo humo. Mifugo na kilimo vimo. Uuguzi wa shahada nao hutaka hayo hayo, miaka minne, na kikomo chake huwa chini ya udaktari, ingawa si rahisi nao. Kabla ya kujaza, aandike kwenye daftari kila kozi, kampasi yake, masomo ya lazima, na hesabu yake mwenyewe. Vikomo vya mwaka jana aviangalie, lakini kama dalili tu, kwa sababu mstari wa mwaka huu utapigwa na waombaji wa mwaka huu. Apange kutoka juu kwenda chini: moja anayoitamani sana, mbili ambazo hesabu inamkubalia, moja ambayo anaingia kwa uhakika na yuko tayari kuisoma. Hiyo ya mwisho iwe ya kweli. Asiweke kozi ambayo akiitwa ataikataa.

Na kwa kila kampasi aulize kama kozi hiyo imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti. Dakika kumi tu, lakini kuna watu waliosoma miaka mitatu bila kuzitumia dakika kumi hizo.

La pili, na hili nataka ulisikilize vizuri kwa sababu ya lile koti jeupe. Udaktari wa shahada si njia pekee ya kumfikia mgonjwa. Ukienda kituo cha afya cha daraja la tatu hapa kwetu, anayekupima, anayekuandikia dawa, anayekuambia mtoto akimbizwe hospitali kubwa, mara nyingi ni afisa tabibu. Huyo amesoma diploma ya miaka mitatu. Kuna diploma ya uuguzi na ya ukunga pia. Rehema ana B ya Biolojia na C ya Kemia, na kwa diploma hizo anasimama vizuri. Akimaliza kwa daraja zuri, sheria ya vyuo vyetu inamruhusu kuomba shahada kwa njia ya wenye diploma, kwenye nafasi zilizotengwa kwa ajili yao. Atakuwa amechelewa miaka michache kuliko wenzake, lakini muda wote huo atakuwa wodini, si mlangoni. Kama ningekuwa mimi, ningeomba diploma ya afya sasa hivi, wiki hii, huku tunasubiri tangazo la nafasi zilizobaki. Likija jibu la uuguzi wa shahada, achukue hilo. Lisipokuja, tayari ana pa kwenda.

Kuna njia ya watu wazima nayo, ya mtihani maalumu, lakini hiyo ni ya waliotimiza miaka 25. Iache.

Kuhusu fedha zako 1,100,000. Udhamini wa serikali ni nafasi 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, nyingi kwa alama za juu, zilizobaki kwa wilaya, kwa wenye ulemavu na kwa wanamichezo, na zile za alama hutolewa kwa waliofanya mtihani mwaka uliotangulia. Usipange maisha juu ya hilo. Lakini ipo Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Inalipa ada ya masomo moja kwa moja chuoni, na kozi za sayansi ndizo inazozitazama zaidi. Hailipi chakula wala chumba. Ili kuomba, lazima mtoto awe amekwisha kubaliwa chuoni, na watakuuliza juu ya kipato cha nyumbani, kwa hiyo cheti cha kifo cha marehemu na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, viwe tayari kwenye bahasha. Fedha zako, basi, kazi yake ni ada za kuomba, nauli ya kwenda kuuliza, na chumba cha mwezi wa kwanza. Hizo zinatosha. Hazitoshi kumlipa mtu wa mtaani, na hata zingetosha hazingenunua kitu.

Jambo dogo lililowaangusha wengi: chukua cheti cha S.4, silipu ya S.6 na kitambulisho cha taifa cha Rehema, viweke sambamba mezani. Soma jina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Rehema na kingine Rehma, au jina la baba limeandikwa kwa mpangilio tofauti, nendeni mkaape hati ya kiapo mapema. Siku ya usajili foleni ni ya mamia, na karani hana muda wa kusikiliza maelezo.

Sasa, nimwambie nini. Mama Rehema, usimwambie "Mungu hakupenda", na usimwambie "utajaribu mwaka ujao". Mtoto amekaa mlangoni kwa sababu anadhani kijana wa jirani alimshinda, na anadhani alama zake hazina thamani. Hayo yote mawili si kweli, na unaweza kumwonyesha kwa kalamu. Leo jioni ukishamaliza sokoni, weka daftari mezani. Usifanye hesabu wewe, mwache afanye yeye: 5 mara 3, 4 mara 3, 2 mara 2. Akifika kwenye 1.5 ya msichana, mwambie aiandike kwa herufi kubwa. Kisha mpe kozi ya ualimu aliyoingia yule kijana, aipigie hesabu na hiyo, aone mwenyewe angesimama wapi.

Lile koti liache lilipo. Atalitoa yeye. Ila kesho asubuhi nendeni kwa mwalimu wa Kemia, wewe na yeye, kabla hujafungua meza ya mukene. Nami ukinitumia zile kozi nne mpya pamoja na hesabu zake kabla hamjaenda kafe, nitazipitia mstari kwa mstari na kukujibu siku hiyo hiyo.

Shangazi